Kiambishi na Dodoso: Majina ya Watu wa Singida katika Kiswahili cha Serikali na cha Wanazuoni

Sensa ya mwaka 1967 ilikuwa ya mwisho nchini Tanzania kumuuliza mtu kabila lake. Sensa za 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022 ziliuliza mengi, kuanzia umri na elimu hadi chanzo cha maji, lakini si kabila. Mwaka 2012 Mkoa wa Singida ulihesabiwa kuwa na watu 1,370,637. Miaka kumi baadaye walikuwa wamepita milioni 2. Hakuna jedwali la sensa hizo linalowagawa watu hao kuwa Wanyaturu, Wanyiramba, Waisanzu, Wagogo, Wakimbu, Wataturu au Wahadza. Kutokana na hali hiyo, imezoeleka kudaiwa kwamba uainishaji rasmi wa kikabila ulikoma Tanzania Bara, na kwamba yaliyosalia ni utani wa harusini na misibani.

Makala hii inatofautiana na dai hilo. Inaonesha, kwa mifano ya Singida, kwamba serikali ilipoacha kuuliza kabila, kazi ya kuainisha haikukoma bali ilihamia mikononi mwa sheria, ya waandishi wa historia za makabila, na hasa ya wanaisimu. Chombo chake kikuu kilikuwa, na bado ni, ngeli za Kiswahili. Ukipewa mzizi mmoja, Kiswahili hukupa watu kwa *wa-*, lugha kwa *ki-*, na nchi kwa *u-*. Vitu vitatu ambavyo mara nyingi havilingani kwa mipaka hupata sura ya kitu kimoja.

Kabila na nafasi moja katika fomu

Neno *kabila* lenyewe limebadilika. Katika matumizi ya zamani, yaliyonaswa na kamusi za awali za Kiswahili, *kabila* lilikuwa daraja la kati: chini ya *taifa*, juu ya *ufungu* na *jamaa*. Lilikuwa neno la kulinganisha ukubwa, na halikudai kwamba kila mtu analo moja tu. Utawala wa Waingereza ulilihitaji kwa kazi nyingine. Chini ya Gavana Donald Cameron (1925–1931), na hasa baada ya sheria ya mamlaka za wenyeji ya mwaka 1926, kila eneo lilipaswa kuwa na kabila, na kila kabila liwe na mkuu wa kukusanya kodi na kuketi barazani. Kwa Waisanzu, waliokuwa na watawala wenye mamlaka ya mvua huko Kirumi, sharti hilo lilipata pa kushika. Kwa Wanyaturu halikupata, kwa sababu hawakuwa na mtemi mmoja. Mamlaka yalikuwa ya koo na wazee. Machifu wao kwa sehemu kubwa walikuwa zao la utawala uliodai kuwakuta. Uchifu ukafutwa kisheria mwaka 1963, mwaka uleule Singida ilipofanywa mkoa. Kabila, lililokuwa limeumbwa upya ili limbebe chifu, likabaki bila chifu.

Tatizo kubwa zaidi, ambalo uhakiki wa nyaraka za sensa haujalipa uzito wake, ni la ukoo. Wanyiramba na Waisanzu kwa jadi hufuata ukoo wa mama. Wanyaturu hufuata wa baba. Wanaishi jirani na huoana. Mtoto wa mama Mwisanzu na baba Mnyaturu anadaiwa na pande zote mbili, kila upande kwa kanuni yake halali. Mtoto wa mama Mnyaturu na baba Mwisanzu, kwa kanuni hizohizo, hadaiwi na upande wowote. Huingizwa katika jamii kwa njia nyingine, kwa malezi, kwa mahali anapokaa, kwa ng'ombe waliotolewa. Fomu ya sensa ya 1948, ya 1957 na ya 1967 ilikuwa na nafasi moja. Karani aliyeijaza hakuwa anarekodi tu. Alikuwa anaamua kesi, na aliiamua kwa dakika chache bila kusikiliza shahidi.

Majina na viambishi vyake

Majina yenyewe yana historia ya kuitwa na wengine. Wanaoitwa Wanyaturu hujiita Arimi. Afisa wa Kijerumani Eberhard von Sick, katika maelezo yake ya mwaka 1915, aliyaweka majina yote mawili kwenye kichwa cha andiko, Waniaturu na Walimi, la pili likiwa katika mabano. Umbo hilo la pili msomaji wa Kiswahili hulisoma bila shida kama "wanaolima". Kwa hiyo jina la wenyewe liliwekwa mabanoni mapema, na limekaa humo kwa zaidi ya karne. Hata ndani ya Arimi kuna Wahi, Wilwana na Wanyinganyi, na Harold Schneider, aliyeandika kitabu chake cha 1970 kuhusu uchumi wao, alilazimika kubainisha kichwani kwamba anawazungumzia Wahi Wanyaturu. Ni nadra kukuta tahadhari hiyo katika tasnifu zinazoandikwa kwa Kiswahili leo.

Sauti ya jina *Wanyaturu* huwakanganya wageni na *Wataturu*, watu wengine kabisa, wafugaji wa jamii ya Wadatoga ambao lugha yao si ya Kibantu. Hao nao waliitwa Wamang'ati, neno lenye asili ya Kimaasai lenye maana ya maadui. Kwamba neno la adui kumtaja mpinzani wake liliingia katika nyaraka za serikali na katika Kiswahili cha mitaani kama jina la kawaida la watu ni jambo ambalo mhakiki hapaswi kulipita kama taarifa ya pembeni. *Wa-* ni kiambishi kisicho na hisia: hulibeba tusi kama kinavyobeba jina lolote, na baada ya miaka michache msemaji hasikii tena tusi.

Mfano wa Wahadza ni wa aina nyingine. Katika maandishi ya kikoloni na Kiswahili cha wakati huo waliitwa Wakindiga au Watindiga. Siku hizi jina linaloenea ni *Wahadzabe*, na huonekana kama hatua ya heshima, kwa kuwa ni jina lao wenyewe. Ila *Hadzabe* tayari ni wingi katika lugha yao. Kiishio chake ndicho kinachoonesha wingi. Kiswahili kimeongeza wingi wa pili mbele ya wingi wa kwanza, na baadhi ya waandishi wamekwenda mbali zaidi kwa kuunda *Mhadzabe*, yaani mtu mmoja mwenye kiambishi cha umoja mwanzoni na kiishio cha wingi mwishoni. Si kosa la kuchekwa, maana lugha zote hukopa hivyo. Linachoonesha ni kwamba hata pale jina la wenyewe linapokubaliwa, sarufi ya mwenye kalamu ndiyo inayoendelea kuhesabu.

Mnyampala na kitabu cha kabila

Mathias Mnyampala (1917–1969) anajulikana zaidi kama mshairi na bingwa wa ngonjera. Kitabu chake cha nathari, *Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika*, kilitolewa mwaka 1954 kupitia East African Literature Bureau, na Gregory Maddox akakitafsiri kwa Kiingereza mwaka 1995. Wilaya ya Manyoni, ambayo leo ni sehemu ya Singida, ni upande wa magharibi wa nchi ya Wagogo, na Kilimatinde, palipokuwa na boma la Wajerumani, pamo humo. Msomaji wa Singida anakisoma kitabu hiki kama historia ya watu wa mkoa wake, ingawa kichwa chake hakiujui mkoa huo.

Uhakiki uliozoeleka hukichukulia kama hazina ya mila. Usomaji huo si wa uongo ila haukidhi, kwa sababu kichwa cha kitabu na yaliyomo vinavutana. Kichwa kinataja watu wamoja wenye historia moja. Ndani, mwandishi anafuatilia koo, na koo hizo zinatoka kila upande: wapo waliotoka Uhehe, wapo waliotoka kwa majirani wengine. Jina lenyewe la Wagogo, kwa mujibu wa simulizi mashuhuri, walipewa na wapita njia wa misafara ya Wanyamwezi waliowakuta watu kwenye magogo. Ukikusanya vipande hivi, unapata watu waliofanywa wamoja na nchi kame waliyoishi, njaa walizozivumilia na jina waliloitwa na wasafiri. Kabila kama nasaba moja halimo humo.

Mnyampala alikuwa mtumishi katika utawala wa wenyeji. Alijua kwamba kitabu cha "desturi za kabila" ni kitabu ambacho baraza linaweza kukirejelea. Udhaifu wa kitabu uko hapo, na nguvu yake pia. Pale anapoandika kama mtumishi, anasema "Wagogo" na sentensi inatulia. Pale anapoandika kama mwana wa ukoo aliyesikiliza wazee, sentensi inajaa majina ya mahali na ya watu waliohama, na neno "Wagogo" linakuwa jepesi. Anayekisoma kwa makini hana budi kuusikia mvutano huo, na asiuponye kwa kuchagua upande mmoja. Mwandishi hakuuponya.

Mwenyeji mbele ya mahakama

Sheria ilikuwa na neno jingine. Sheria ya tafsiri ya Tanganyika ilimfafanua *mwenyeji*, kwa maana ya kikoloni, kuwa mtu yeyote wa mbari ya Kiafrika, ikaongeza kwamba Mswahili na Msomali wamo. Nyongeza hiyo inasema mengi kuliko fasili. Mtunga sheria hakuhitaji kutaja kwamba Mnyaturu yumo. Alihitaji kumtaja Mswahili kwa sababu alimshuku kuwa amekwisha kutoka. Zanzibar mashaka hayohayo yalizaa tokeo la kinyume: kati ya sensa za 1924 na 1931 waliojiandikisha kuwa Waswahili walipungua ghafla, huku majina mengine yakipanda, ingawa watu walikuwa walewale. Tena Kiswahili hakina uhasama na mgeni katika neno hili: *mwenyeji* ni anayemkaribisha mgeni, na asiyekuwa na mgeni hana haja ya kuitwa mwenyeji. Sheria ililitoa neno katika uhusiano huo na kulifunga kwenye damu.

Mtu angedhani fasili hiyo ilikufa na uhuru. Haikufa. Hanang, ng'ambo tu ya mpaka wa Singida, Wabarbaig na wanakijiji wengine waliishtaki NAFCO, shirika la umma lililochukua ardhi yao kwa mashamba ya ngano, na Mahakama Kuu ikawapa ushindi. Mwaka 1985, katika rufaa ya NAFCO dhidi ya Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw, Mahakama ya Rufani ilishikilia kwamba anayedai ardhi kwa haki ya kimila lazima kwanza athibitishe kuwa ni "mwenyeji" kwa maana ya sheria, na kwamba uthibitisho huo haukutolewa inavyotakiwa. Wakati huo sensa mbili za taifa huru zilikuwa zimeshapita, na ya pili ilikataa kumuuliza mtu kabila. Mfugaji aliyehesabiwa mwaka 1978 kama raia tu, asiye na kabila, alidaiwa mahakamani uthibitisho ambao serikali yake ilikuwa imeacha kuuandika. Sheria za ardhi za mwaka 1999 ziliweka uraia mahali pa fasili hiyo. Mashamba hayo ya ngano yalikuwa yamekwisha kulimwa kwa miongo kadhaa.

Wanaisimu

Mwaka 1948, mwaka wa sensa iliyowagawa Watanganyika kwa makabila, Malcolm Guthrie alichapisha uainishaji wake wa lugha za Kibantu. Kinyiramba na Kirimi viliwekwa pamoja katika kanda ya F. Hakuna sababu ya kudai kwamba sensa na Guthrie walishauriana. Ila vyote viwili vilifanya jambo moja: viliwapa watu wa eneo hili namba, na namba ya Guthrie ndiyo iliyodumu. Kila tasnifu inayohusu lugha hizi huanza kwa kuitaja. Kabla yake, Frederick Johnson, katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki na mhariri wa kamusi sanifu ya 1939, alikuwa ameandika kuhusu sarufi na hadithi za Kinyiramba. Mtu yuleyule alishika Kiswahili Sanifu kwa mkono mmoja na lugha ya Iramba kwa mwingine.

Kiisanzu ndicho kinachoumia zaidi katika urithi huu. Mara nyingi kimewekwa chini ya Kinyiramba kama lahaja, kwa hoja za msamiati na fonolojia ambazo zina uzito wake. Wenyewe, wanaojiita Anyihanzu, wana mtemi wao, matambiko yao ya mvua na historia yao, na hawajioni kuwa tawi la mtu. Hoja ya kifonolojia haiwezi kuamua swali hilo, lakini kwa sababu ya *ki-* na *wa-* inaonekana kana kwamba inaweza: ukisema Kiisanzu ni lahaja ya Kinyiramba, msomaji husikia kwamba Waisanzu ni tawi la Wanyiramba. Katika lugha isiyounganisha jina la lugha na la watu kwa mzizi mmoja, hatua hiyo ingehitaji hoja. Katika Kiswahili hujitokeza yenyewe.

Mtafiti anayekwenda Mkalama leo kukusanya data ya lahaja hubeba dodoso. Juu kabisa, kabla ya orodha ya maneno, huwa na taarifa za mtoa data: umri, jinsi, elimu, kijiji, kabila. Swali la mwisho lina mstari mmoja wa kujazia.