Nyumba za Safu na Haki ya Kuongeza Ukuta

Ukipiga picha ya kambi kutoka juu ya mlima, inapendeza. Safu zimenyooka, mabati yanang'aa, kila nyumba ina namba yake. Picha kama hiyo iko kwenye ripoti nyingi. Siisemi vibaya, maana njia pana inapitisha gari la maji na inazuia moto usiruke haraka. Lakini hakuna anayeishi juu ya mlima wa mpiga picha. Nyumba inakaliwa kutoka ndani, na ndani ndiko maswali yanakoanzia. Mama atapikia wapi mvua ikinyesha? Kijana wa miaka 16 atalala wapi, wakati dada zake wako chumba hicho hicho? Mgeni atakaa wapi?

Sisi watu wa maziwa haya hatukuanza leo kupangwa kwenye safu. Ng'ambo ya mto Rusizi, pale Bukavu, kuna Bagira. Ukifuata bonde hadi Bujumbura unakuta Ngagara, ambayo wazee mpaka leo wanaiita OCAF. Jina hilo si Kirundi wala Kiswahili. Ni kifupi cha Office des Cités Africaines, ofisi ya Wabelgiji iliyoanzishwa mwaka 1952 kujenga makazi ya Waafrika katika miji ya Kongo na Ruanda-Urundi. Mpaka uhuru wa Kongo mwaka 1960 ilikuwa imejenga makumi ya maelfu ya nyumba: Léopoldville, Élisabethville, Stanleyville, Bukavu, Usumbura.

Wakati huo Ulaya nayo ilikuwa inajijenga upya baada ya vita, na wasanifu wake walikuwa na imani moja kubwa. Chora nyumba za aina chache, zirudie mara nyingi, weka shule, soko na kanisa mahali pa kufika kwa miguu, na maisha yatanyooka yenyewe. Imani hiyo ikaletwa kwetu. Tuseme ukweli wote: nyumba zenyewe zilikuwa imara, na familia nyingi hazijawahi kupata bora kuliko zile. Tuseme na upande wa pili: zilijengwa mbali na mitaa ya Wazungu, na familia iliyochorwa ndani yake ilikuwa baba mwenye kazi ya mshahara, mama wa nyumbani na watoto wao, basi. Bibi hakuchorwa. Mpwa aliyetoka kijijini kuja kusoma hakuchorwa. Kuku ndio kabisa!

Sasa angalia watu walifanya nini. Wengine walipanga, wengine waliinunua nyumba kwa kulipa kidogo kidogo. Aliyejua kwamba nyumba ni yake, akaanza kuimalizia. Nyuma akaweka aneksi ya vyumba viwili vya kupangisha. Pembeni banda la kupikia. Mbele akatoboa dirisha, likawa duka la sabuni na unga. Nimesikia watu waliosoma wakisema, eti wananchi wameharibu mji mzuri. Mimi nasema ndio waliouokoa. Ile aneksi ndiyo inayomlisha mjane kila mwisho wa mwezi, na ndiyo iliyopokea shangazi na watoto wake vita vilipolipuka vijijini. Wenzetu waliokimbia Ngagara mwaka 2015 watakuambia: wanachokikumbuka siyo mchoro wa Mbelgiji, ni uani.

Wala hii si tabia ya Waafrika peke yao. Huko Pessac, Ufaransa, Le Corbusier mwenyewe alijenga mtaa wa nyumba kama 50, ukamalizika mwaka 1926. Wakazi wakaweka mapaa ya mteremko juu ya mapaa yake bapa, wakafunga baraza zilizokuwa wazi, wakapunguza madirisha yake marefu. Mtafiti Philippe Boudon akaenda kuwasikiliza, akatoa kitabu mwaka 1969 kinachoonyesha kwamba mabadiliko yale yalikuwa na akili ndani yake. Kumbe hata kwa bingwa wa dunia, mwenye kuishi ndani ndiye anayemaliza kazi.

Turudi kwetu Rwanda. Mahama ilipofunguliwa mwaka 2015 watu walianza kwenye mahema, baadaye zikaja nyumba za matofali ya udongo na mabati. Ni hatua kubwa, na waliohangaika kuifikia wanastahili shukrani. Wenzetu wa mashirika wanapima makazi kwa kitabu cha Sphere: angalau mita za mraba 3.5 za kuishi kwa kila mtu chini ya paa, na angalau mita 2 kati ya jengo na jengo. Namba hizo zinatulinda, nisieleweke vibaya. Ila ni kiwango cha chini, na zinajibu swali la "kiasi gani". Swali la "nani anaruhusiwa kubadilisha" linahitaji jibu lake.

Jibu tunalolipata mara nyingi ni: usiguse. Kambi moja niliyoishi, sitaitaja, tulinyoosha shitingi mbele ya nyumba nne ili watoto wasomee kivulini. Wiki ya pili tukaambiwa tushushe, haiko kwenye mpango. Hakuna aliyekuja na futi kupima kama njia imezibwa. Hakuna aliyeuliza ni ya nini.

Najua hoja ya upande wa pili, na ni ya kweli. Gihembe ilianza mwaka 1997 na ikafungwa 2021, watu wakahamishiwa Mahama, kwa sababu makorongo yalikuwa yanakula mlima chini ya nyumba. Kwenye milima yetu hii, kuta za kiholela zinaziba mitaro, maji yanatafuta njia, na anayeumia ni jirani wa chini. Banda la kupikia lililobanana na la mwenzake linaweza kuchoma safu nzima. Kwa hiyo siombi kila mtu ajenge anavyotaka. Naomba nyongeza ipangwe tangu siku ya kwanza, badala ya kukatazwa mpaka siku ya mwisho.

Inawezekana. Iquique, nchini Chile, mwaka 2004 kikundi cha wasanifu kiitwacho Elemental kilijengea familia karibu 100 nusu nyumba, pale pale walipokuwa na vibanda vyao. Fedha haikutosha nyumba nzima. Wakajenga ile nusu ngumu: kuta za kubeba, paa, jiko, choo. Nusu nyingine wakaiacha wazi, imeshapimwa, kila familia ijaze kwa wakati wake. Mstari wa kujaza uliwekwa tangu mwanzo.

Mkimbizi hana ardhi kambini, hilo tunalijua, na hakuna anayeomba hati. Lakini mita mbili au tatu nyuma ya nyumba, pale mlima unaporuhusu, zinaweza kuchorwa kwa chokaa: hapa ongeza, hapa ni mtaro, hapa ni njia ya moto. Kanuni iandikwe kwa Kiswahili, Kirundi na Kinyarwanda, ibandikwe penye maji. Anayekataza aje na futi na aseme sababu.

Vijana ninaofanya nao kazi kila wiki hawazungumzii usanifu. Wanasema: "Mimi silali nyumbani, nyumba imejaa." Halafu tunashangaa wanalala wapi, na wanajifunza nini huko. Chumba kimoja cha udongo kilichojengwa na kijana mwenyewe, kwa ruhusa, kinaweza kumrudisha karibu na mama yake kabla warsha yetu yoyote haijaanza. Kwa hiyo, wenzetu wa mashirika, mkija kukagua makazi msihesabu tu nyumba zilizosimama. Hesabuni pia zile ambazo mwenyewe ameruhusiwa kuzigusa.