Nani Alilishindanisha Basi la Ghorofa?

Kosa la mwaka 1970 la Lesney, kampuni ya Uingereza iliyotengeneza magari madogo ya kuchezea ya Matchbox, halihitaji miwani. Basi lao la Daimler Fleetline, namba 74, lina bodi ileile ya mwaka 1966, madirisha yaleyale, na tangazo lilelile la petroli ya Esso. Tatizo liko chini: magurudumu ya Superfast, yenye rimu za kung'aa, yaliyobuniwa kwa ajili ya kuteremka kwa kasi kwenye njia za plastiki. Basi la abiria limevishwa njumu.

Sababu inajulikana. Mattel walipotoa Hot Wheels mwaka 1968, ekseli zao nyembamba zilipunguza msuguano na kuwanyakua watoto wa Marekani, soko ambalo Lesney walilitegemea. Mwaka 1969 Waingereza wakajibu kwa Superfast. Kwa magari ya michezo, jibu lilikuwa sahihi.

Kwa basi, hapana. Uzuri wa basi la ghorofa uko kwenye ubavu: ukuta mrefu ulionyooka, madirisha safu mbili, na tairi jeusi lisilojitangaza. Gurudumu la zamani lilijificha kwenye upinde wake likabeba mzigo kimya. Hili jipya linavuta jicho chini, ghorofa ya juu inasahaulika, na gari zima linaonekana kama limeazima miguu. Tena lilienda kasi, ndiyo. Lakini kasi hiyo aliiomba nani? Halafu, kana kwamba hayo hayatoshi, mengine yakapakwa rangi ya waridi!

Kinachouma zaidi ni kilichotangulia. Routemaster ya mwaka 1965, namba 5, ilikuwa na jukwaa la nyuma alikosimama kondakta na uwiano usio na dosari. Mwaka 1969 namba yake ikapewa gari la michezo la Lotus Europa. Kwa hiyo basi bora liliondolewa, na lililobaki likaharibiwa. Hii ndiyo kampuni ya Jack Odell, fundi aliyemtengenezea binti yake mashine ndogo ya kushindilia barabara kwa sababu shuleni waliruhusu tu kichezeo cha kuingia ndani ya kisanduku cha kiberiti. Odell wa enzi zile alianza na kitu chenyewe, kisha akakipunguza.

Basi la ghorofa la Londoner la mwaka 1972, namba 17, lilizaliwa na Superfast na bodi yake inayabeba magurudumu hayo vizuri. Kazi safi.

Wapo wanaotoboa ribiti za Fleetline ya Superfast, wakapachika magurudumu ya zamani na kuiuza kama ya awali. Safu hii imeshasema na itasema tena: huko ni kughushi, sawa na kupaka rangi upya. Basi baya la asili libaki baya.

Anayetaka Fleetline atafute ya malai au ya kijani. Nyekundu aigeuze kwanza aone ekseli, maana ilitoka kiwandani na magurudumu ya aina zote mbili.