Uhamisho, Kupatiliza na Kujilia

Katika makala haya mafupi tunakusudia kuchunguza maneno machache ambayo Tafsiri ya Muungano ya Biblia, iliyotolewa mwaka 1952, iliyatumia kuelezea hukumu ya agano. Ustadi wa watafsiri wake hatuutilii shaka, kwani tafsiri hiyo imelea Kiswahili cha ibada kwa zaidi ya miaka sabini. Twauliza jambo moja tu: je, msomaji wa Kiswahili aweza kutambua kwamba manabii walitamka adhabu na rehema kwa neno lile lile?

Tuanze na uhamisho. Watu wa Yuda waliochukuliwa na Nebukadreza hadi Babeli, mwaka 597 K.K. na tena yapata mwaka 586 K.K., waliitwa kwa Kiebrania golah, jina litokanalo na kitenzi galah. Kitenzi chenye sura hiyo kina maana mbili: kufunua, na kuondoka katika nchi yako. Wataalamu hawajaafikiana kama hilo ni shina moja au ni mashina mawili yaliyofanana kwa sauti, lakini washairi hawakungoja waafikiane. Katika Maombolezo 4:22 Sayuni anaambiwa kwamba hatapelekwa tena ugenini, na Edomu anaambiwa kwamba dhambi zake zitafunuliwa. Vitenzi vyote viwili ni galah. Katika Kiswahili yametumika maneno mawili yasiyo na udugu, na sauti ile imepotea.

Isitoshe, uhamisho sasa ni neno la ofisini. Mtumishi apewaye barua ya uhamisho hufungasha vyombo vyake na kudai nauli. Mateka, neno la pili litumiwalo, lina ukali utakiwao, ila humtazama mtekaji na nyara zake, wala halisemi lolote juu ya ardhi iliyoachwa tupu. Sisi twaona kwamba kitenzi vua kingeweza kusaidia, walau katika maelezo ya pembeni. Mtu huvuliwa nguo, huvuliwa cheo. Basi taifa nalo laweza kuvuliwa nchi yake, aibu yake ikabaki wazi. (Mvuvi atatusamehe.)

Yafaa kukumbuka kwamba kupotewa na nchi hakukuwa bahati mbaya ya vita tu machoni pa manabii. Walawi 26 na Kumbukumbu la Torati 28 zilikwisha kukutaja miongoni mwa matokeo ya kuvunja agano. Hapa pia Kiswahili chatupeleka njia nyingine. Agano latokana na kuagana, na kiambishi -an- chatufanya tuwaone watu wawili walio sawa. Kiebrania husema “kukata” agano, na Yeremia 34 yaonyesha sababu: wakuu wa Yerusalemu walipita katikati ya vipande vya ndama, na walipolivunja neno lao walionywa kwamba wangetendwa kama ndama yule.

Lakini neno lenye uzito kuliko yote ni pakad. Maana zake ni nyingi: kuhesabu askari, kukagua, kumwangalia mtu, kumwendea kwa wema, kumwadhibu. Anayemfahamu mkaguzi wa hesabu hatastaajabu, maana ujio wake ni mmoja, ila hawaupokei wote kwa furaha moja. Tafsiri ya Muungano imeligawa neno hili. Penye adhabu mara nyingi imeweka kupatiliza, neno ambalo leo ni nadra kulisikia nje ya ibada. Penye rehema imeweka kujilia. Matokeo yake yanaonekana katika Yeremia. Sura ya 25 yasema kwamba miaka sabini itakapotimia Babeli itaadhibiwa, na sura ya 29 yasema kwamba miaka hiyo hiyo itakapotimia waliohamishwa watarudishwa kwao. Kiebrania kina pakad mahali pote pawili. Msomaji wetu huona mambo mawili, hali nabii alisema moja.

Twapendekeza kujilia litumike kotekote, kwa kuwa mtu hujiliwa na heri na hujiliwa na shari. Huenda ikasemwa kwamba katika Amosi 3:2 msomaji angedhani anaahidiwa baraka mpaka afike kwenye neno maovu. Lakini aya hiyo yaanza kwa kuwakumbusha Israeli kwamba wao peke yao ndio waliojulikana na Mungu miongoni mwa jamaa zote za dunia, na wasikilizaji wa Amosi nao walikuwa wakingoja baraka.