Sauti Ndani ya Kibuyu

Mvua za kwanza zinapoanguka Lundo, kando ya Ziwa Nyasa, Novemba au Desemba, mbegu za mmumunye huchomekwa pembeni ya uzio. Mmea huu hauna makuu: unataka samadi kidogo na mahali pa kutambaa. Maua yake ni meupe na hufunguka jioni, saa ambazo mitumbwi inajiandaa kuingia ziwani kutafuta samaki wadogo waitwao usipa. Tunda likiwa changa ni mboga nzuri, na wengi huishia hapo. Anayetaka kibuyu hulipita tunda hilo wiki baada ya wiki bila kuligusa.

Fundi niliyekaa naye ni mzee ambaye jirani zake wanamwita Babu tu, nami nikamwita hivyo hivyo. Kazi yake huanza tunda likiwa bado linakua. Yale anayotaka yawe na shingo iliyonyooka huyaacha yaning'inie kwenye chanja, na uzito wa tunda lenyewe huivuta shingo. Anayotaka yapinde huyalaza chini juu ya majani makavu, akayageuza mara kwa mara ili upande mmoja usioze. Hachumi mpaka kikonyo kimegeuka kahawia na kukauka kabisa. Wakati huo majani yameshakufa na kiangazi kimetulia.

"Ukichuma mapema linasinyaa," aliniambia. "Utabaki na kitu kama uso wangu."

Baada ya kuchumwa, matunda hupelekwa juu ya chanja ya jikoni, mahali pa moshi na kivuli. Hapo huota ukungu mweusi na wa kijivu, na asiyejua angeyatupa. Babu huyaacha. Maji yanatoka polepole kupitia ganda, na ukungu ni dalili kwamba yanatoka. Kila baada ya siku kadhaa huchukua moja, hulitikisa karibu na sikio, kisha hulirudisha. Siku mbegu zinapocheza ndani kwa mlio mkavu, tunda limekuwa kibuyu.

Ganda likikauka hivyo halipitishi maji. Mwaka 1954 watafiti wawili, Whitaker na Carter, walichapisha matokeo ya majaribio ya kuelea kwa vibuyu katika maji ya bahari: baada ya siku 224 mbegu za ndani zilikuwa bado zinaota. Nilipoyasimulia hayo, Babu aliitikia kwa kichwa tu na kuendelea kukwangua.

Kukwangua ni kazi ya kisu butu. Kibuyu hulowekwa kwanza, halafu ngozi ya nje huondolewa kwa mikwaruzo mifupi, kisu kikiwa kimelala, mpaka rangi ya asali itokeze chini ya madoa. Kisha hulainishwa kwa jani la msasa. Kwa kibuyu cha maji, mdomo hukatwa juu ya shingo, maji humiminwa ndani na kuachwa siku kadhaa hadi nyuzi zilainike. Hapo hutiwa kokoto na mchanga na kutikiswa, vikamwagwa, vikatiwa tena. Uchungu hautoki kwa mara moja. Maji hubadilishwa hadi yanayomwagika yasiwe na ladha, na Babu huyaonja kila mara. Kata ni rahisi zaidi: anachora mstari kwa mkaa kutoka kikonyo hadi kitako, anapasua kwa bledi ya msumeno, na tunda moja linatoa kata mbili. Kibuyu kikipata ufa, hakitupi. Anatoboa matundu madogo kwa msumari uliopashwa moto, pande zote mbili za ufa, anashona kwa uzi na kuziba kwa nta.

Lakini kilichonifanya nisiondoke ni lipenga, chombo cha ngoma ya mganda.

Mganda huchezwa kwa mistari na hatua za gwaride, na asili yake ni jeshi. Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia Hermann von Wissmann ya Wajerumani pale Liuli, jirani na Lundo, bandari iliyoitwa Sphinxhafen wakati huo. Vita viliwachukua watu wa pande zote za ziwa wakawa askari na wapagazi. Baada ya vita gwaride likageuzwa ngoma, na Terence Ranger aliandika historia ya ngoma za aina hiyo katika kitabu chake cha 1975 juu ya ngoma ya beni. Tarumbeta za shaba hazikuwapo vijijini. Vibuyu vilikuwapo.

Lipenga halipulizwi, mtu huimba ndani yake. Babu huchagua kibuyu chenye shingo ndefu, akakata kitako chote kiwe wazi. Akiona mdomo ni mdogo, huongeza kipande cha kibuyu kingine na kuunga kwa nta ya nyuki, akizungusha kidole gumba kwenye kiungo hadi nta iingie kila mahali. Ubavuni mwa shingo hutoboa tundu la kuimbia. Halafu hukata ncha ya shingo, na hapo ndipo mikono yake inapopunguza mwendo zaidi.

Ncha hiyo huzibwa kwa utando mweupe ambao buibui hufunikia mayai yake ukutani. Babu huutafuta ndani ya nyumba, kwenye kuta za udongo, na kuubandua kwa ncha ya kisu bila kuuchana. Anapaka nta ukingoni mwa tundu, anauweka utando, anaukandamiza pembezoni tu. Kisha anaimba neno moja kwa sauti ya chini. Utando ukilegea, sauti hutoka kama ya kawaida. Ukikazwa mno, hukwama. Nilimwona akiubandua na kuubandika upya mara nyingi, bila kuguna, mpaka kibuyu kikajibu kwa mngurumo mpana uliowatoa watoto uani. Malipenga makubwa huchukua sauti nzito, madogo huchukua nyembamba, naye huyajaribu pamoja kabla ya kuyaachia.

Wapo siku hizi wanaobandika plastiki. Hudumu, sikatai, ila mlio wake ni mkali na hauna ule mtetemo wa chini. Kwa masikio yangu buibui bado anashinda.

Kikundi cha mganda kinachotaka malipenga mapya kisimwendee fundi wiki moja kabla ya sherehe. Kimwendee kabla mbegu hazijapandwa, na kimlipe kwa mwaka mzima wa kazi.