Mtoto Hakulia, Alilizwa

Mliokuwa ukumbini Jumamosi ile, kwenye onyesho la kumsaidia mtoto mchanga kupumua kwa kutumia mdoli, mliona. Sekunde ya 52, barakoa inavuja upande wa shavu la kushoto, kifua hakijainuka hata mara moja, na mkufunzi akaminya kipira cha kilio. Mtoto akalia. Makofi. Mimi mikono yangu ilibaki mapajani, maana lile lilikuwa kosa, tena la mtu anayeijua kazi yake.

Hatua za mwanzo zilienda vizuri: kukausha, kusugua mgongo, kutofyonza ovyo. Tuyaache hayo.

Turudi kwenye mkono wa kushoto wa yule binti, mwanafunzi aliyekuwa akimhudumia mdoli. Gumba na kidole cha shahada vilishika barakoa sawasawa, lakini vile vitatu vya kuinua taya vilining'inia tu. Chini ya kichwa kulikuwa na leso iliyokunjwa mara nne. Kidevu kikazama kifuani, njia ya hewa ikajifunga. Nilikaa safu ya tatu na nilisikia hewa ikitoka pembeni, fyuu, kila alipobana ambu, ule mfuko wa kusukumia hewa. Alibana mara tisa. Mara zote tisa alikuwa akimtazama mkufunzi usoni.

NeoNatalie, mdoli wenyewe, mnamjua. Ukimjaza maji lita 2 analegea mikononi kama mtoto hasa. Kifua chake hakina upendeleo: barakoa isipokaa, shingo isipokaa, hakiinuki. Ila pumzi zake mwenyewe, mpigo wa kitovu na kilio vinaendeshwa kwa vipira, navyo anavishika mkufunzi. Nusu yake haijui kudanganya. Nusu nyingine hudanganya ikiamriwa. Jumamosi iliamriwa.

Mkufunzi alipaswa kuacha kipira cha kilio, kupunguza mpigo wa kitovu, na kunyamaza. Binti angeshtuka, angepachika barakoa upya, angetoa leso, angefungua mdomo kidogo, angebana kwa nguvu zaidi. Dakika ya dhahabu, ile ya kwanza ambayo mtoto anapaswa awe ameanza kupata pumzi, ingepita. Na ipite! Kama haiwezi kupita kwa mtoto wa plastiki, tunataka ikapite kwa nani?

Sababu naijua. Mgeni wa heshima alikuwa ametazama saa mara mbili, na chai ilikuwa mezani. Wasomaji wa safu hii mmenichoka kwa hili, lakini ukishaalika wageni, hilo ni igizo, na cheti chake ni tiketi ya kuingilia. Hospitali ya Haydom, kule Manyara, wao walijipima bila kujionea huruma. Mwaka 2013 walichapisha kwamba kozi ya siku moja ya Helping Babies Breathe, ya kuwasaidia watoto wachanga kupumua, iliwafanya wahudumu kuwa hodari kwa mdoli, ila kwa watoto halisi kule leba mambo yalibaki yale yale. Hawakukimbilia mdoli wa bei ghali zaidi. Walifanya mazoezi mafupi, ya dakika chache, pale pale kazini, mara kwa mara. Vifo vya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000, kwa hesabu aliyoichapisha Estomih Mduma na wenzake mwaka 2015. Mdoli ni yule yule ambaye mimi nimemwona akifungiwa stoo, na ufunguo ukaenda likizo.

Sista aliyenifundisha mimi hakuwa na NeoNatalie. Alikuwa na mtoto aliyeshonwa kwa shuka kuukuu, na kifuani alimpachika mfuko wa mkojo uwe mapafu. Wewe ukibana ambu, yeye aliinama akaweka shavu kando ya barakoa. Akihisi upepo, alisema neno moja: "Bado." Siku moja alinirudishia neno hilo dakika nne nzima, machozi yakinitoka, wala hakunigusa mkono kunisaidia. Mtoto wake hakuwahi kumlilia mtu.

Wengine walipokwenda kwenye chai Jumamosi, nilimwomba yule binti tumrudie mdoli kidogo. Vipira nilivisukuma chini ya meza. Tukaondoa leso. Mara ya kwanza, fyuu. Nikasema bado. Mara ya pili, bado. Akaingiza vile vidole vitatu chini ya taya, akavuta, akabana, kifua kikapanda taratibu kikashuka.

Akaacha kubana, akakitazama. "Kumbe huwa kinapanda hivi," akasema. Amefika mwaka wa tatu.