Wafungwa Watatu, Mlima Mmoja, na Kijana Wetu Aliyekwenda Peke Yake

Mama mmoja alinisimamisha kwenye foleni ya maji, mbele ya watu, akaniambia: "Kitabu yako ile njo imenipotezea mtoto." Mtoto mwenyewe alikuwa amesharudi siku mbili nyuma, mzima, midomo imepasuka kwa baridi. Lakini mama alikuwa na haki ya kusema. Kitabu nilikileta mimi, na mimi ndiye niliyekisimulia.

Basi naandika juu ya kitabu hicho, nikijiuliza kama nilikosea kukileta kwa vijana wa Kyaka. Kinaitwa No Picnic on Mount Kenya, mwandishi ni Mwitaliano, Felice Benuzzi. Kilitoka kwa Kiitaliano mwaka 1947, halafu mwenyewe akakiandika kwa Kiingereza, kikatoka 1952. Dada mmoja wa shirika alipomaliza mkataba alituachia boksi la vitabu, na hiki kilikuwa chini kabisa, jalada limeliwa na mchwa. Kwa kuwa vijana wengi wa klabu hawasomi Kiingereza kirefu, nilikuwa nasoma usiku, halafu kila Jumamosi nawasimulia sehemu moja chini ya mwembe. Tulikwenda hivyo Jumamosi sita.

Kwa ambaye hakuwepo, habari ni hii. Mwaka 1941 Waingereza waliwatoa Waitaliano Ethiopia. Benuzzi alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni huko, akakamatwa, na mwishowe akafikishwa kambi namba 354 ya wafungwa wa vita, Nanyuki, chini ya Mlima Kenya. Matope, mvua, waya wa miiba, siku zinafanana. Asubuhi moja mawingu yakafunguka akaona barafu juu angani. Kutoka siku hiyo hakutaka kitu kingine. Akapata wenzake wawili, daktari Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, wakajiandaa kwa miezi, na tarehe 24 Januari 1943 wakatoka. Walikaa mlimani siku kumi na nane. Halafu, na hapa ndipo vijana wote walipiga kelele, wakarudi kambini wenyewe na kujisalimisha.

"Wakarudi? Kwa nini sasa?"

Nitafika hapo. Nianze na kilicho kizuri.

Sehemu nzuri kuliko zote ni ile ya kabla ya kutoka. Wengine wakikisifu kitabu hiki wanakimbilia kileleni, mimi ningekaa na kurasa za maandalizi mwaka mzima. Hawakuwa na ramani ya maana. Walikuwa na picha ya mlima iliyochapishwa kwenye karatasi ya mkebe wa nyama, basi. Nyundo wakazigeuza mashoka ya barafu. Vyuma vya meno vya kufunga chini ya viatu, ili usiteleze, walivitengeneza kwa mabati ya magari mabovu na waya wa miiba. Kamba walizipata kwenye mkonge wa vitanda. Mablanketi yakawa nguo. Ufunguo wa geti la bustani waliukandamiza kwenye lami, wakachonga mwingine. Chakula kikawekwa kidogo kidogo, kikafichwa. Kila kitu ndani ya kambi kikawa na jina la pili ambalo mlinzi halijui.

Vijana wetu walielewa sehemu hii bila mimi kueleza chochote. Nani hapa hajaona gunia la msaada likiwa mlango, mkebe wa mafuta ukiwa taa, neti ya mbu ikiwa uzio wa kuku? (Ndugu wa afya, najua, najua.) Mmoja alisema Benuzzi angefaa kuwa fundi wa hapa kwetu, angepata wateja.

Lakini kuna tofauti, na ndiyo iliyonifanya nikipende kitabu. Sisi tunageuza vitu kwa sababu ya shida. Mlango unahitajika, taa inahitajika. Wale watatu waligeuza vitu kwa ajili ya jambo ambalo halikuhitajika kabisa. Hakuna aliyepungukiwa na mlima. Hakuna aliyekuja na fomu kuuliza mahitaji yao kisha akaandika "kilele". Wafanyakazi wa mashirika mnaosoma hapa, msikasirike, lakini najua mkikisoma mtasema "ustahimilivu" na kutaka kuuweka kwenye mradi. Naomba msifanye hivyo. Mimi mwenyewe naandika ripoti za kila mwezi, vijana wangapi, wasichana wangapi, wamejifunza nini cha kuwasaidia kupata kipato. Sijawahi kupata safu ya kuandika kwamba kijana fulani anataka kitu kisicho na faida yoyote, na anakitaka sana. Benuzzi ameandika kitabu kizima juu ya safu hiyo inayokosekana. Anaonyesha kwamba kambini kinachomuua mtu polepole ni kesho isiyo na umbo, kwa hiyo yeye akaitengeneza yake kwa nyundo.

Juu ya kupanda kwenyewe nitasema haraka. Wanapita msitu wa wanyama wakali, wanafuata bonde la mto, Barsotti anaugua na kubaki chini kwenye hema. Benuzzi na daktari wanajaribu Batian, kilele kikubwa cha mita 5199, theluji inawarudisha. Wakiwa na njaa wanapanda Lenana, mita 4985, tarehe 6 Februari, wanaweka bendera yao na chupa yenye majina. Nimependa kwamba hafichi kushindwa. Kuna vitabu vya milima ambavyo mwandishi hachoki kamwe. Huyu anachoka, anaogopa, anafikiria chakula tu kama sisi wiki ya mwisho kabla ya mgao.

Sasa mabaya.

La kwanza, watu wenye mlima hawamo. Wakikuyu wanauita Kirinyaga na waliuelekea katika sala kabla Mwitaliano au Mwingereza yeyote hajauona. Katika kitabu, Mwafrika ni kitu cha kukwepa njiani, asije akawaona. Na Benuzzi hasemi sana kilichomfikisha Nanyuki. Hakutekwa akiwa nyumbani kwake analima. Alikuwa upande wa waliokwenda kuitawala nchi ya watu. Msichana mmoja wa klabu aliuliza, "Wahabeshi waliofungwa na Waitaliano, na wao waliandika kitabu?" Sikuwa na jibu la kumpa. Wakenya nao walikuja kuweka bendera yao kwenye Lenana ileile, Kisoi Munyao akaipandisha uhuru ulipoingia Desemba 1963. Hadithi hiyo nayo niliisimulia, ili vijana wasibaki na bendera moja kichwani.

Sisi wa Mutwanga jambo hili tunalijua. Pale shuleni tulikariri kwamba mlima mrefu kuliko yote ya Kongo ni Pic Marguerite, mita 5109. Nilikuwa mkubwa ndipo nikajua Marguerite alikuwa malkia wa Italia, na jina aliliacha Duke wa Abruzzi alipopanda mwaka 1906. Bibi yangu hakumjua malkia huyo. Theluji aliita nzururu, na Wakonzo wa upande huu wa Uganda wanaiita vilevile, maana lugha ni moja, mpaka ndio uliopita juu ya barafu katikati yetu.

La pili ni kurudi. Wasomaji wengi wanaona kurudi ni heshima na utani mzuri: mkubwa wa kambi aliwapa siku 28 za selo, halafu wakakaa 7 tu kwa kuwa alipendezwa na ushujaa wao. Mimi mwanzoni nilicheka. Kusoma mara ya pili sikucheka. Walirudi kwa sababu walikuwa na pa kurudi mara mbili. Kambini kulikuwa na chakula na sheria ya wafungwa wa vita. Na baada ya kambi kulikuwa na Italia. Vita vina mwisho, mfungwa anarudishwa kwao, na yeye alirudishwa mwaka 1946. Ile jeuri nzuri ya kutoka kwa ajili ya mchezo imesimama juu ya uhakika huo, na mwandishi hauoni, kama mtu asiyeona sakafu anayokanyaga.

Hayo nilikuwa bado sijayawaza vizuri siku kijana wetu alipoondoka.

Ana miaka kumi na minane. Alitoka upande wa Beni akiwa mtoto mdogo, anakumbuka moshi na anakumbuka mlima. Hakutuaga. Alichukua blanketi, unga kilo moja, karanga za kukaanga, gambuti za mjomba wake, akaacha karatasi kwa mama: anakwenda kuona nzururu, atarudi. Alipanda basi mpaka Fort Portal, halafu akatembea na kuomba lifti upande wa Kasese. Hakuna waya aliokata. Uganda sheria ya wakimbizi ya 2006 inaturuhusu kutembea, hatuhitaji ufunguo wa lami. Hapo ndipo kitabu kilimdanganya, na mimi nilimdanganya pamoja nacho. Nilisimulia waya mpaka ukaonekana ndiyo shida yote.

Kwenye geti la hifadhi alielezwa kwa upole kwamba mtu hapandi peke yake, lazima awe na mwongozaji, na kuna malipo. Alipotajiwa bei alifikiri wamekosea sifuri. Mzee mmoja Mkonzo alimsikia akijiongelesha kwa Kinande, akamchukua, akamlaza barazani. "Unatafuta nini kule yulu, mwana wangu? Uko na wazimu?" Alfajiri akamwamsha. Mawingu yalikuwa yametoka. Kijana anasema aliiona theluji kwa muda wa uji kuchemka, halafu pakafungwa. Nyuma ya theluji ile ndiko kwao.

Siku ya tano alirudi. Mama alilia, mwenyekiti wa blok aliniita, ofisi ikasimamisha vipindi vya kitabu kwa mwezi mmoja. Siwalaumu. Kijana peke yake barabarani, bila simu, lingeweza kutokea lolote, na mimi ndiye ningekwenda kumwambia mama.

Lakini alichosema kijana baadaye kuhusu kitabu kinashinda yote niliyoandika hapa juu. Tulikuwa tunapanga viti. Akasema: "Kaka, wale walikuwa watatu. Halafu walikuwa na mtu wa kuwahesabu. Wakitoka, kambi nzima inajua wametoka. Mimi nimeenda siku tano, isipokuwa mama, nani alijua? Ningekosa siku ya vidole, ndiyo kompyuta ingejua."

Nilinyamaza. Ni kweli. Katika kitabu kutoroka kuna maana kwa sababu kuna mtu upande wa pili anayekasirika, anayetafuta, anayehukumu, na mwishowe anayevutiwa. Benuzzi ana msomaji wake wa kwanza ndani ya kambi, ni yule ofisa wa Kiingereza. Kijana wetu alifanya safari ngumu kuliko alivyowahi kufanya yeyote kati yetu, na hakupata hata adhabu yake mwenyewe. Adhabu walinipa mimi.

Toka mgao ulipokatwa mwaka 2023 na familia kugawanywa makundi, tumezoea kuulizwa nani ana shida zaidi. Sikumbuki mara ya mwisho mtu mzima kumuuliza kijana hapa ametoka kuona nini. Kwa hiyo Jumamosi ya kwanza baada ya kufunguliwa, sikusoma kitabu. Nilimpa yeye nafasi. Alisimulia saa nzima, kuanzia basi mpaka uji wa yule mzee, na alisimulia vizuri kuliko Benuzzi sehemu moja: anaeleza baridi kama mtu ambaye hakuitegemea. Mama yake alisimama nyuma, mikono kiunoni, hakukaa, lakini hakuondoka mpaka mwisho.

Mkiniuliza kama kitabu kisomwe kambini, nasema kisomwe, ila kwa ubishi. Anayekisimulia asikimbilie kileleni, na asiache kusema nani alikuwa na Italia ya kurudia.

Nimeshatafsiri sura tatu za mwanzo kwa mkono kwenye daftari la kurasa tisini na sita, Kiswahili chetu cha kawaida, pamoja na ile ya vyuma vya meno. Kijana ndiye anayenakili nakala ya pili. Daftari linapatikana kwangu Jumamosi saa tisa mchana, chini ya mwembe. Njoo na kiti chako.