Agizo na Maelezo: Kadi ya Brecht na Wimbo wa Kapkatet

Katika uhakiki wa sanaa za maonyesho, maelekezo huchukuliwa kuwa jambo la kando, msaada tu kwa mtendaji. Watunzi wa muziki wa majaribio waliupinga mtazamo huo. George Brecht aliagiza kwenye kadi kwamba maji yadondokee katika chombo kitupu, basi. Yoko Ono alikusanya maagizo ya namna hiyo katika Grapefruit, kitabu kilichotolewa Tokyo mwaka 1964. Katika kazi hizi maneno machache ndiyo utunzi wenyewe, na mtendaji hukamilisha yaliyosalia.

Je, kila andiko fupi linalohusu muziki laweza kusomwa hivyo? Mwaka 1950, huko Kapkatet katika nchi ya chai ya Kericho, Hugh Tracey alirekodi wimbo "Chemirocha" ulioimbwa na Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wa Kikipsigis, kwa kinubi. Jina hilo ni matamshi ya wenyeji ya Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefahamika huko kwa santuri. Maelezo ya Tracey yanasema kwamba wasichana wanamwalika Chemirocha acheze. Kwa sura, maelezo hayo yanafanana na kadi ya Brecht: ni mafupi na hayana nota. Kwa kazi, yanatofautiana. Mwaka 1958 Charles Seeger alitenganisha uandishi wa muziki unaoagiza na ule unaoeleza. Brecht anaagiza, Tracey anaeleza.

Hata hivyo, tofauti hiyo haitoshi. Anayetaka kuuimba "Chemirocha" anahitaji lugha, namna ya kupokezana sauti na mkono uliozoea nyuzi. Maagizo hayo yapo, ila yanahifadhiwa katika kufundishana, si katika karatasi. Kadi ya Brecht nayo haijitegemei: inahitaji hadhira iliyokwisha kufundwa kwamba tone la maji laweza kusikilizwa kama muziki.

Kwa hiyo, anayedai kwamba jamii isiyoandika nota haina utunzi wa maagizo amekosea. Na anayedhani kwamba maelezo ya maktaba yanatosha kuufufua wimbo amekosea vilevile. Mwaka 2014 nakala za rekodi za Tracey zilirudishwa kwa Wakipsigis. Zilirudi mahali ambapo bado wapo watu wawezao kujaza yale ambayo hayakuandikwa. Pasipo watu hao, andiko hubaki kumbukumbu tu.